Kwa nini utando wa ubongo uitwe "mama"?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Nakuru. Tumefundishwa kwamba ubongo umefunikwa na tando tatu, na kwamba ule wa nje, ulio mnene kuliko yote, Waingereza huuita "dura mater". Mwalimu alisema kuwa hicho ni Kilatini chenye maana ya "mama mgumu", nasi tukacheka. Warumi walimwona wapi mama katika fuvu la kichwa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli, ila Warumi wa kale wasilaumiwe, kwani jina hili lilitoka katika Kiarabu. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alizitofautisha tando hizo kwa unene na wembamba tu, bila kumtaja mama yeyote. Walioleta "umm" ni matabibu walioandika kwa Kiarabu, lugha ambayo hukiita mama kitu kinachokusanya vingine au kilicho asili yao. Ndiyo maana Fatiha huitwa Ummul Kitabi na Makka Ummul Qura.

Mnamo mwaka 1127 Stephen wa Antiokia, mzaliwa wa Pisa, alikifasiri kwa Kilatini kitabu kikubwa cha utabibu cha Ali ibn al-Abbas al-Majusi, tabibu wa Uajemi wa karne ya 10, na mama huyo akavuka naye neno kwa neno. Utando wa nje ukawa "dura mater". Ule wa ndani uliitwa "raqiqa" kwa Kiarabu, neno liwezalo kumaanisha wembamba na pia wororo wa moyo, na katika Kilatini ukaitwa "pia mater", yaani mama mwema, mcha Mungu. (Pia hiyo haina undugu wowote na pia yetu.) Kwa maoni yangu hapo tafsiri iliteleza, kwa sababu utando huo ni mwembamba kweli kweli, nao hushikamana na kila kunjo la ubongo. Wa kati una jina la Kigiriki, linaloufananisha na utando wa buibui.

Ukifika wodi ya uzazi utakutana tena na mama huyo. Dura hushuka hadi ndani ya uti wa mgongo, na sindano ya epidura, inayopunguza uchungu wa kuzaa, imeitwa hivyo kwa kuwa dawa yake huwekwa nje ya utando huo, bila kuutoboa.