Redio Ikipiga Roki ya Miaka ya Sabini, Usikimbilie Majina

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya ufundi wa magari katika gereji moja huko Ohio, Marekani, ambako redio iliwashwa kabla ya taa na kuzimwa baada ya mlango kufungwa. Kituo hakikubadilishwa hata siku moja. Kilipiga roki ya miaka ya sabini asubuhi hadi jioni, na mafundi wenzangu, ambao wengi wao wangeweza kuwa baba zangu wadogo, walizijua nyimbo hizo kama sisi wa Tanga tunavyozijua taarabu za harusini: wakisikia gitaa la kwanza tu, tayari wameshaanza kubishana. Ndugu kadhaa waliohamia huku baada yangu wameniuliza wafanyeje wanapojikuta kazini katikati ya mazungumzo ya aina hiyo, na badala ya kumjibu kila mmoja peke yake nimeona niyaandike hapa yale niliyojifunza, mengi yake kwa kuchekwa.

Nilianza vibaya, kwa sababu nilidhani mazungumzo yale ni mtihani. Nilirudi nyumbani usiku nikakariri majina ya bendi, ya wapiga gitaa na ya albamu, kisha nikawa navizia nafasi ya kuyatoa. Siku moja ulipigwa wimbo unaoitwa "A Horse with No Name", wenye magitaa mepesi na sauti nyembamba inayotokea puani, nami kwa kujiamini kabisa nikatangaza kwamba mwimbaji ni Neil Young. Gereji nzima ilicheka. Waimbaji ni kundi la America, vijana watatu waliokutana Uingereza kwa kuwa baba zao walikuwa wanajeshi wa anga wa Marekani waliopangiwa kazi huko. Lakini baada ya kicheko, mzee aliyekuwa chini ya gari alijisukuma nje, akafuta mikono, na kunieleza kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi, kwani wengi walidhani hivyo hivyo wimbo ulipotoka, na kwamba mwezi Machi 1972 wimbo huo ndio ulioushusha "Heart of Gold" wa Neil Young mwenyewe kutoka nafasi ya kwanza ya chati za Marekani. Tuliongea hadi saa ya chakula. Miezi yote niliyokuwa nikitoa majibu sahihi, hakuna aliyewahi kujisukuma kutoka chini ya gari kwa ajili yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba useme unachokisikia hata kama hujui kinaitwaje. Ukisema kwamba mapigo ya "Money" wa Pink Floyd yanakuyumbisha kama mtu anayechechemea, utakuwa umegusa jambo la kweli, kwa maana wimbo huo wa mwaka 1973 unahesabiwa kwa saba badala ya nne, isipokuwa pale gitaa linapoingia peke yake na hesabu kurudi kwenye nne. Aliyenifundisha kuhesabu alikuwa akigonga boneti kwa spana, na mpaka leo siwezi kuusikia wimbo ule bila kusubiri ile nafasi ambapo mguu unapata ardhi tena.

Jambo la pili, ambalo nililichelewa sana kulielewa, ni urefu wa nyimbo. Nilikuwa nashangaa kwa nini wenzangu hukasirika mtangazaji anapouzima wimbo kabla haujaisha, ilhali kwangu ilionekana kwamba dakika nne zinatosha mtu yeyote. Hasira ile ina historia ndani yake. Redio ya zamani ya AM iliishi kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo kwa kawaida zilibeba wimbo wa dakika tatu au nne, na wimbo uliozidi hapo ulikatwa au ulinyimwa nafasi. Katika miaka ya sitini mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliwazuia wenye vituo vya miji mikubwa kurudia kwenye FM vipindi vile vile vya AM kwa zaidi ya nusu ya muda wa matangazo, na ghafla masafa ya FM, ambayo yalikuwa na sauti safi lakini wasikilizaji wachache, yakahitaji kitu cha kupiga. Watangazaji vijana walianza kupiga albamu badala ya santuri ndogo. Bila nafasi hiyo ni vigumu kufikiria "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, uliotoka mwaka 1971 ukiwa na dakika karibu nane na ambao miaka ile haukuuzwa Marekani kama santuri ya peke yake, ukigeuka kuwa wimbo ambao kila mtu aliuomba redioni.

Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini fundi mmoja aliacha gari likiwa juu ya jeki akapiga simu kituoni kulalamika kwamba wamekata magitaa mawili ya mwishoni mwa "Hotel California", yale ya Don Felder na Joe Walsh yanayopokezana kisha kwenda pamoja. Sikumlaumu. Ni sawa na kumkatisha msimulizi wakati mgeni ndiyo kwanza anabisha hodi. Kabla hujasema kwamba wimbo umekuchosha au umekufurahisha, uliza kwanza kama umepigwa wote, kwani swali hilo dogo lilinipatia marafiki kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Sasa nije kwenye wimbo ulionigusa mwenyewe. Siku ya kwanza niliposikiliza kwa makini "Bohemian Rhapsody" wa Queen, niliangusha kifaa mkononi kwa sababu nilisikia, katikati ya zile sauti zinazopandana, mtu akiimba "Bismillah". Nilidhani masikio yamenidanganya. Wenzangu waliposikia kwamba mimi ni Mtanzania, wakakumbuka kwamba Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, na tangu hapo nikawa balozi wa jambo nisilolijua. Nilijitia kueleza. Nilisema kwamba neno lile limetoka kwa majirani zake wa Unguja, nikaongeza kwamba bila shaka aliongea Kiswahili nyumbani, na nikajenga utoto mzima wa mtu ambaye sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja kumhusu. Baadaye nilisoma na kuona aibu. Familia yake ilikuwa ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta kutoka India; baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni; mtoto mwenyewe alipelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka minane hivi; na familia ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Nilirudi gerejini nikasahihisha maneno yangu mmoja mmoja. Ukitoka Afrika Mashariki utaulizwa habari za Freddie Mercury, hilo halina shaka, basi jiandae kwa ukweli mchache, wala usiufanye ule mji wote wa Unguja kuwa mali ya familia yako.

Kuna nyimbo ambazo mgeni hana budi kuziendea polepole. "Sweet Home Alabama" wa Lynyrd Skynyrd, wa mwaka 1974, ni jibu kwa nyimbo mbili za Neil Young zilizowashutumu watu wa Kusini mwa Marekani kwa ubaguzi, na bado watu wa gereji moja wanaweza kuusikia kwa mioyo tofauti kabisa. Mimi huwaacha wenyewe waanze. Hali kadhalika "Free Bird" wa bendi hiyo hiyo: vijana hupenda kuutaja kwa mzaha, lakini mwimbaji wao Ronnie Van Zant alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1977, na kuna watu wa umri fulani ambao huacha kuongea unapopigwa.

Kwa upande mwingine, zipo bendi zinazofungua mlango kwa urahisi. Mafundi wangu waliipenda mno Boston kwa kuwa Tom Scholz alikuwa mhandisi wa kampuni ya Polaroid aliyerekodi sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya mwaka 1976 katika chumba cha chini cha nyumba yake, kwa vifaa ambavyo vingine alivitengeneza mwenyewe. Walimhesabu kama fundi mwenzao aliyefanikiwa.

La mwisho ni simu. Siku hizi kuna programu zinazoutambua wimbo kwa sekunde chache, na kishawishi cha kuitoa mfukoni ni kikubwa, hasa kwa kuwa watangazaji wengi hawataji tena jina la wimbo ulioisha. Iache mfukoni mpaka saa ya kwenda nyumbani. Tuliwahi kubishana siku mbili kuhusu nani anayepiga gitaa katika "Layla", mimi nikishikilia kwamba ni Eric Clapton, mzee wa chini ya gari akishikilia kwamba ni Duane Allman, na dau likiwa kwamba atakayeshindwa atanunua donati za gereji nzima. Kumbe wamo wote wawili. Asubuhi ya siku ya tatu kulikuwa na maboksi mawili ya donati juu ya meza ya vifaa.