Stroberi Malindi: chungeni jasho

Wadogo zangu mnaoanza kuuza stroberi hapa Malindi, mzigo wangu wa kwanza niliutupa karibu wote. Zilikuja pakiti ishirini kutoka Limuru na basi la usiku, mimi nikaziosha zote zing'are kabla ya kuzipeleka hotelini, nikafunika, nikatia frijini. Asubuhi nafungua, tunda la chini limeota manyoya ya kijivu kama pamba, ukiligusa vumbi linaruka, na yaliyokuwa yamelalia ubavuni yashaanza kulainika.

Basi msioshe. Anayekula ndiye anaosha, tena pale pale anapotaka kula. Na kile kikonyo cha kijani kiacheni, ukikingoa umeshalitoboa tunda.

Ule ukungu wa kijivu mara nyingi unatoka nao shamba, unaingia tangu kwenye ua halafu unalala kimya mpaka tunda liive, ndo maana unapokea tunda zuri kabisa na keshokutwa limeoza. Kwa hivyo ongea na mkulima wako, achume asubuhi umande ukishakauka, mvua ikinyesha asubiri, na asikuchumie mbichi akidhani zitaivia njiani, stroberi ikishachumwa haiivi tena.

Friji iwe baridi sana, karibu na nyuzi 0 za selsiasi ndo bora ila isigande. Lakini baridi haiui huu ukungu, inauchelewesha tu.

Sasa hili la jasho ndilo linaloumiza watu wengi huku pwani. Hewa yetu imejaa maji, wenyewe mnaona chumvi inavyolowa mezani, so ukitoa pakiti frijini ukaifungua hapo hapo, dakika chache tu matone yashajaa juu ya tunda, mteja akikataa unairudisha frijini na yale maji yake, hapo umeulisha ukungu kwa mkono wako. Mimi pakiti nazitia kwenye ndoo kavu ya kifuniko huko huko ndani ya friji, nikitoa natoa na ndoo yake, siifungui mpaka ubaridi uishe. Ndoo inatoka jasho nje, matunda ndani makavu. Na natoa za kuuza siku hiyo tu, sirudishi.

Kila asubuhi inua pakiti utizame chini yake, huko ndiko kunaanzia. Ukiona moja imeota, itoe pamoja na zilizoigusa, usikate upande mbovu ukauza uliobaki, hata kwa mtu wa juisi.