Mpe Mhalifu Mdogo Uongo Wake Mwenyewe

Katika tamthilia ya upelelezi, mhalifu mdogo ndiye huharibika mapema. Anapewa kovu shavuni, Sheng ya kupindukia na kicheko cha kutisha, na mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake mtaani Umoja, Nairobi, anamjua kabla hajafungua mdomo. Achana na uso wake. Shughulikia uongo wake: adanganye ili kuficha kosa lake dogo, wala si kumlinda muuaji.

Chukua fundi wa simu wa Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi. Kaletewa simu na kijana, kainunua kwa shilingi 3,500, kafuta kila kilichomo. Ilikuwa ya yule aliyeuawa, naye hajui. Mpelelezi akimuuliza, anakana, maana anachokiona mbele yake ni kesi ya kupokea mali ya wizi na meza yake kukodishwa mwingine. Mtazamaji atamshuku kwa mauaji, na mwandishi hajamdanganya mtu.

Mvunje kwa kitu, si kwa makofi. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa kila simu, ina tarakimu 15, huonekana ukibonyeza *#06#, na huchapishwa kwenye kikasha cha simu. Kufuta picha na majina hakuibadilishi. Basi kikasha kionekane mapema nyumbani kwa mjane wa marehemu, kikiwa kimetiwa vifungo vya shati na sindano, ili jicho likipite.

Kosa kubwa zaidi ni kumfanya mshukiwa aungame kwa shujaa wetu, kisha kesi ikaisha. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepeleleza kesi hiyo, akiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Machozi ya chumba cha mahojiano hayamfungi mtu. Fundi atoe njia tu: alimlipa yule kijana kwa M-Pesa, na ujumbe una jina la mpokeaji, tarehe na saa.

Siku ya kumkamata nayo ina uzito. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda ukiishia siku isiyo ya mahakama, husogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Ukimkamata Ijumaa jioni, polisi wanaye hadi Jumatatu, na presha yote imekwisha. Jumanne saa nne asubuhi ni bora.

Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya picha. Kwa kipindi cha dakika 45, kurasa tano zinamtosha, sini (vipande vya tukio) tatu. Katika ya kwanza, kabla ya dakika ya 10, amsafishie mpelelezi tundu la chaji kwa brashi na spiriti, bila neno la kesi. Katika ya pili akane huku akiendelea kufungua skrubu; waigizaji wengi husimamisha mkono hapo na kuharibu kila kitu. Ya tatu ni ya kutaja jina la kijana. Baada ya hapo usimrudishe, hata kama mwigizaji ni hodari.