Chora baiskeli bila kuitazama

Kabla hujaendelea kusoma, chukua penseli uchore baiskeli kwa kichwa tu, bila kuangalia picha yoyote. Ukimaliza, tafuta baiskeli halisi uilinganishe na mchoro wako.

Mimi nilipojaribu, mnyororo wangu ulikuwa umefungwa gurudumu la mbele, na fremu nilikuwa nimeiunga hivi kwamba usukani usingegeuka hata kidogo. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani, kwenye darasa la sanaa la AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari), na shule nzima iliniita msanii. RISD, chuo cha sanaa kilichoko Providence, kwa miaka mingi kilimtaka kila mwombaji achore baiskeli. Siku ile nilielewa sababu: ni kitu unachokiona kila mara na hujawahi kukitazama.

Jalada langu, yaani mkusanyiko wa kazi za sanaa ambazo mwombaji huonyesha chuo, wakati huo lilikuwa na nyuso za watu mashuhuri, zote nimezinakili kutoka kwenye picha za intaneti, zimelainishwa mpaka zinang'aa. Nikazibeba kwenda National Portfolio Day, ile siku ambayo wawakilishi wa vyuo vya sanaa hukaa ukumbini na wanafunzi wakapanga foleni kuonyesha kazi zao. Mkaguzi wa chuo kimoja alizipitia haraka kuliko nilivyopanda ngazi za ukumbi, akasema, "Hizi zote umenakili picha." Nikashangaa amejuaje. Akanionyesha: shavu la mbali lina ukali uleule wa shavu la karibu, na vivuli vyote vimelala bapa kama karatasi, kwa sababu kamera ndiyo iliyoamua kila kitu kabla yangu. Kisha akaomba daftari langu la michoro. Nilikuwa nimeliacha nyumbani, kwa kuwa lilikuwa chafu! Akaniambia mwaka ule nirudi kwake na hilo daftari, hizo nyuso niwape marafiki.

Niliumia, sitaficha. Lakini ndipo nilipoanza kuchora.

Ushauri wangu mkubwa, basi, ni huu: chora vitu vilivyo mbele yako. Viatu vyako. Mkono usioshika penseli. Kiti, kikishindikana kigeuze juu chini ukichore hivyo. Hila iliyonisaidia kuliko zote ni kuacha kuchora kiti na kuchora mapengo yaliyo kati ya miguu yake. Akili yako ina picha ya kiti tayari na inataka kukuchorea hiyo, ila haina picha ya pengo, kwa hiyo inalazimika kutazama. Ukipata nafasi ya kuchora mtu aliyekaa mbele yako, ikimbilie, hata kama michoro ishirini ya kwanza itakutia aibu. Picha si haramu, ila zipige mwenyewe na ubadilishe kitu unapochora. Kunakili kazi ya mtu mwingine na kuiita yako kunaweza kukuharibia AP na chuo kwa pamoja.

Sasa hiyo AP yenyewe. Wengi huingia wakidhani kuna mtihani wa kukaa chini na kuandika. Hakuna. Unachagua jalada moja kati ya matatu: la uchoraji, la sanaa ya pande mbili, au la sanaa ya pande tatu. Asilimia 60 ya alama hutoka kwenye uchunguzi wa muda mrefu, picha 15 zinazofuata swali lako mwenyewe. Asilimia 40 hutoka kwenye kazi 5 ulizochagua kuwa bora. Katika zile 15 unaruhusiwa kuweka michoro ya majaribio na hatua za kazi, na wasahihishaji wanatafuta hasa ushahidi kwamba ulijaribu, ukakosea, ukarekebisha. Lile daftari chafu, kwa maneno mengine.

Swali ndilo linalowaangusha watu. Mimi nilianza na "huzuni". Huzuni si swali. Nilipoteza wiki kadhaa nikichora macho yenye machozi. Baadaye nikauliza mikono ya mama yangu hubadilikaje kati ya kazi na mapumziko, na ghafla nikawa na la kufanya kila jioni: mikono inakunja nguo, inashika kikombe, imelala. Swali zuri linakuambia kesho uchore nini.

Halafu kuna kalenda, na hapa nawaombea mnisikilize. Jalada la AP hukamilishwa mapema Mei. Maombi ya vyuo vingi hufungwa kati ya Novemba na Februari. Alama yako inatoka Julai, wakati umeshakubali chuo! Kwa hiyo anayengoja darasa la mwaka wa mwisho limtengenezee jalada la chuo amechelewa. RISD huomba kazi kati ya 12 na 20, na hizo lazima zitoke mwaka wa tatu wa sekondari, yaani ule wa kabla ya mwisho, likizo ndefu, na ile miezi michache ya mwanzo wa mwaka wa mwisho. Wala usitegemee alama ya AP kukurukisha studio za mwaka wa kwanza chuoni. Mimi nilizifanya zote.

Mambo madogo. Piga picha za kazi zako nje siku ya mawingu, au kivulini, kamera ikiwa sambamba na karatasi. Toa kioo cha fremu kwanza. Kata kingo ili meza isionekane. Mwombe mwalimu wako wa sanaa akuondolee kazi tatu, na usibishane naye kabla ya siku mbili kupita; mimi nilibishana papo hapo, nikaibakiza ile sura moja yenye kung'aa, na kila aliyefungua jalada langu aliuliza ni ya nani.