Asilimia 30 yetu, na barua iliyonilipa

Mwaka wa 2016 mimi na wenzangu watatu tulisajili kampuni ya kushona sare hapa Kenya. Kila tuliyemwambia alitujibu: vijana mna asilimia 30 ya tenda za serikali! Kweli, ila tunagawana na wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huo ulianza 2013, ukakaziwa na sheria ya ununuzi ya 2015, na mzizi wake ni Kifungu cha 55 cha Katiba ya 2010, kinachoitaka serikali itufungulie vijana nafasi za kiuchumi na za ajira.

Kuingia si kugumu. Asilimia 70 ya wenye kampuni wawe vijana, yaani hawajafika miaka 35, na viongozi wote wawe vijana. Dhamana ya zabuni, yaani hakikisho la fedha kwamba hutaiacha tenda, hutakiwi kuiweka. Unajaza fomu ya ahadi tu. Hapo sheria imetutendea haki.

Shida ni kulipwa. Tulipeleka sweta kwa ofisi moja ya umma, kisha tukakaa miezi kumi na minne tukizungushwa: rudi Jumatatu, mhasibu yuko likizo, faili iko juu. Wakati huo mkopo unazaa. Mwenzetu mmoja aliuza pikipiki yake.

Kilichotutoa ni Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo hiyo, haki ya kupata habari. Kuna sheria yake ya 2016, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Niliandika nusu ukurasa: hati yetu ya malipo imefika wapi, na imekwamishwa na nini? Ikabainika haikuwa imefika popote. Kamati ya ukaguzi na upokeaji haikuwahi kutia sahihi. Sahihi moja!

Kwa hivyo, usiondoke stoo bila hati ya upokeaji iliyotiwa sahihi, hata wakikuambia "tuachie tu, kijana." Usikope mtaji wote kwa tenda moja. Na nendeni kwenye vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti; mimi nimekaa humo nikiwa kijana peke yangu, wazee wakipanga barabara na soko. Kama bidhaa yako haina fungu kwenye bajeti, hiyo tenda ni karatasi.

Ningeulizwa nini kirekebishwe, ningeiacha asilimia 30 ilivyo, nikadai tarehe ya mwisho ya malipo yenye adhabu kwa ofisi inayochelewa.

Barua yenyewe ninayo bado. Anayeitaka nitamtumia, abadilishe jina la ofisi, tarehe na namba ya oda.