Unatengeneza kikaushio cha gesi? Usidanganywe na namba ya kwanza

Wanafunzi wanaokuja maabara kwetu na unga wao mpya wenye vitundu huanza na jambo moja: gramu moja imenyonya maji kiasi gani. Namba ikiwa kubwa, ni shangwe. Mimi huwauliza: imenyonya kwenye unyevu gani?

Chukua silika jeli, ile ya vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Hewa ikijaa mvuke, hubeba maji hata theluthi ya uzito wake. Hewa ikishakauka, haivuti cha maana. Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, hubeba pungufu, asilimia 20 hivi, lakini huendelea kuvuta hata mvuke ukibaki chembe tu. Kwa gesi asilia inayokwenda kupoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili iwe kimiminika, unaitaka hiyo ya pili, maana maji kidogo tu yataganda na kuziba mabomba.

Kupata unyevu unaojulikana hakuhitaji mashine ya mamilioni. Weka chumvi ya mezani na maji kidogo kwenye chupa yenye mfuniko, chumvi izidi hadi nyingine ibaki chini bila kuyeyuka. Hewa ya ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesi itakupa 33, kloridi ya lithi 11. Ning'iniza sampuli juu ya maji hayo, ipime mpaka uzito usibadilike tena. Chupa tatu tu, na tayari unaona kikaushio chako kinaanza kunyonya kwenye unyevu gani.

Ila angalia mizani! Hapa Dar, zeolaiti iliyotoka kwenye oveni ukiiweka wazi, tarakimu ya mwisho inapanda huku unaitazama, na haitulii. Ikaushie ndani ya kichupa, kifunike kikiwa bado cha moto, kipoe, kisha pima vyote pamoja. Uzito mkavu ukikosewa, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Na bado hujagusa gesi yenyewe. Mvuke hauji peke yake, unagombea nafasi na wenzake. Zeolaiti 13X hukamata kaboni dioksidi pia, kisha maji yanakuja kuifukuza. Aina ya 3A ina milango ya nanomita 0.3 hivi: maji hupenya, methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, yenye 0.38 hubaki nje. Kwa hiyo jaza kikaushio chako kwenye bomba dogo, pitisha mchanganyiko ule ule utakaokutana nao kazini, weka kihisi cha unyevu upande wa kutokea, na uandike dakika mvuke unapoanza kuchomoza. Tumia punje, si unga, kwani unga huzuia gesi. Udongo wa kushikizia punje utakupunguzia uwezo kidogo, kubali.

Tangu Kitagawa, Robson na Yaghi wapewe Nobeli ya kemia mwaka 2025, kila mtu anataka MOF, zile fremu za metali na viungo vya kaboni. Sina ubaya nazo. MOF-801 ya zirkoni hunyonya hata kwenye hewa kavu ya jangwani na huachia maji kwa joto dogo. Lakini MOF-5, pamoja na umaarufu wake, huharibika kwenye hewa ya unyevu. Nywesha, kausha, nywesha tena, mara nyingi, kabla hujaandika ripoti.

Halafu andaa jibu la joto. Zeolaiti hudai nyuzi 200 hadi 300 ili iachie maji yote, na mwenye mtambo atakuuliza gharama ya moto huo kabla hajauliza gramu zako.