Stiki za hikori, mepo na mwaloni: ipi hudumu, na mkono unasemaje?

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, unavunja jozi moja ya stiki za dramu za hikori kila baada ya Jumapili mbili, na unataka kujua kama kuhamia mwaloni kutakupunguzia gharama. Pili, umeuliza kama fundi wa hapa nyumbani anaweza kukukerezea stiki za mninga au mpingo zikadumu kuliko za dukani. Nimepiga dramu kanisani na katika bendi ya kumbi za harusi hapa Dar es Salaam kwa miaka 14, na katika muda huo nimetumia miti yote mitatu inayouzwa madukani pamoja na mingine mitatu niliyoichongesha mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona mkononi.

Kabla hujabadilisha mti, zichukue stiki zako zilizovunjika uzipange mezani. Mimi ninazo nyingi katika debe la rangi chini ya kitanda, na kila moja inaeleza ilivyokufa. Iliyoliwa shingoni, pale inapoanza kuwa nyembamba kuelekea kichwani, hadi ikafanana na mswaki wa mti uliotafunwa, imeuawa na ukingo wa haihati (yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu) au wa toazi lililowekwa limelala mno. Iliyokatika katikati ya mwili, ikiwa na alama nyingi za kubonyea upande mmoja, imeuawa na rimu, yaani pete inayobana ngozi, ya sinea, ile ngoma ndogo yenye sauti kali iliyo mbele ya mpigaji, kwa mtindo wetu wa kupiga ngozi na rimu kwa mpigo mmoja katika kila pigo la pili na la nne. Iliyokatika kwa mshazari mrefu, kama kalamu ya mwanzi iliyochongwa, haikuuawa na mtu: nyuzi za mbao zilikuwa zinatoka pembeni badala ya kwenda moja kwa moja kutoka kitako hadi kichwa, nayo ingekatika hata mikononi mwa mtoto. Ukikuta nyingi ni za aina mbili za kwanza, mwaloni hautakuokoa. Utachelewesha tu tatizo na kulihamishia kwenye toazi, ambalo bei yake unaijua.

Sasa nije kwenye miti yenyewe. Hikori ni mti wa Marekani, na sifa iliyoufanya uwe mti wa stiki ndiyo hiyo hiyo iliyowafanya Wamarekani wachongee mipini ya mashoka na nyundo: nyuzi zake ni ndefu na ngumu kukatika, na hupokea mshtuko bila kuupeleka wote mkononi. Mtu aliyewahi kulima kwa jembe lenye mpini mbaya anajua ninachokisema, kwa maana malengelenge hayaletwi na uzito wa jembe peke yake, bali na ule mtikisiko unaorudi kila unapogonga jiwe. Stiki ya hikori haifi ghafla. Inaanza kumeguka vibanzi, inapungua shingo, sauti yake inafifia, na mpigaji mwenye masikio anaisikia wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe, akaiondoa kwa heshima.

Mepo, ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, ni mwepesi zaidi. Nilipopima kwa mizani ya jikoni, stiki yangu ya hikori ya ukubwa wa 5A ilikuwa na gramu 54, na ya mepo yenye unene ule ule ilikuwa na 46. Gramu nane zinaonekana si kitu, lakini katika ibada ya saa tatu mkono unazihesabu. Mepo hukuwezesha kushika stiki nene bila kubeba mzigo, na juu ya toazi hutoa sauti laini, jambo linalofaa sana katika kanisa dogo la bati ambalo kila pigo linarudi mara mbili. Lakini kwa mtu anayepiga rimu, mepo huliwa upesi. Jozi yangu ya kwanza ilikwisha shingo ndani ya harusi mbili. Siku hizi ninazitumia kwa mazoezi ya nyumbani, kurekodi, na nyimbo za taratibu tu.

Mwaloni unaotumika zaidi kwa stiki ni wa Japani, wa jamii ya ule ambao Wajapani huchongea panga za mbao za mazoezi. Ni mzito na mgumu, na kweli hudumu: mimi jozi moja ilinipeleka karibu mara mbili ya muda wa hikori. Shida yake iko kwenye kifo. Haumeguki wala hautoi taarifa. Usiku mmoja ukumbini Sinza, katikati ya kibwagizo cha kumwingiza bwana harusi, stiki yangu ya mwaloni iliyokuwa haina hata kovu la kutisha ilikatika vipande viwili, na kile cha mbele kikapita juu ya kichwa cha mpiga besi kikatua kwenye meza ya wazee, kando ya sinia la pilau. Mzee mmoja alikiokota, akakigeuzageuza, akaniletea mwenyewe jukwaani wimbo ukiendelea. Tangu siku hiyo, nikipiga mwaloni huweka jozi ya akiba kwenye mfuko uliofungwa kwenye sinea, wala si ndani ya begi. Aidha mwaloni huurudisha mtikisiko mkononi zaidi ya hikori; baada ya harusi mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, kifundo cha mkono wangu wa kushoto hunikumbusha Jumapili asubuhi.

Kwa hiyo, kama unapiga kwa nguvu na unataka stiki idumu, ningekushauri uongeze unene kabla ya kubadilisha mti. Katika stiki za kampuni ya Vic Firth, kwa mfano, 5A ina kipenyo cha inchi 0.565 na 5B ina inchi 0.595, zote zikiwa na urefu wa inchi 16. Tofauti hiyo haifiki milimita moja, lakini nguvu ya fimbo ya mviringo dhidi ya kuvunjika hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, hivyo 5B ya mti ule ule inakuwa imara zaidi kwa karibu sehemu moja ya sita. Mimi nilihamia 5B ya hikori mwaka wa tano, na jozi iliyokuwa ikiishi mwezi sasa hufika wiki sita au saba, mkono ukiwa haujalalamika. Ujue tu kwamba namba hizi si kipimo cha kimataifa, kwani 5A ya kampuni moja inaweza kuwa nene kuliko ya nyingine, na zipo stiki za bei ya kutupa zilizogongwa muhuri wa 5A bila kutaja mti wowote, ambazo mimi nimeapa kutozigusa tena.

Kuhusu kichwa, cha mbao hubanduka taratibu na sauti ya toazi hubadilika kadiri kinavyobanduka. Kichwa cha nailoni, alichokibuni mpiga dramu Joe Calato wa Niagara Falls, Marekani, mwaka 1958, hakibanduki na sauti yake ni kali zaidi, ila mara chache huchomoka chote na kuruka.

Ukiwa dukani, usinunue jozi bila kuitoa kwenye karatasi. Iviringishe kila stiki juu ya kioo cha kaunta: iliyopinda itarukaruka na kuyumba kichwa. Kisha ishike kwa vidole viwili uigonge kidogo kichwani, na usikilize kama zote mbili zinatoa noti moja, kwa sababu zenye noti tofauti zina uzito au ukavu tofauti, na mkono mmoja utakuwa unafanya kazi peke yake. Angalia mistari ya nyuzi ubavuni ikienda sambamba na stiki. Rangi isikutishe; sehemu ya kahawia ya hikori si dhaifu kuliko nyeupe. Na ukishanunua, usiziache kwenye buti la gari juani. Mwenzangu wa Dodoma alifanya hivyo msimu mzima wa kiangazi, na stiki zake zilikauka hadi zikawa zinakatika kama biskuti.

Nabaki na swali la fundi. Nilikwenda Keko kwa fundi mkereza, nikampa stiki ya hikori kama kielelezo. Mninga ulitoka mzuri kwa macho, laini na wenye rangi ya asali, lakini ni mti wa milango na vitanda. Nyuzi zake hupishana na mbao yenyewe ni nyepesi kwa kazi hii. Ya kwanza ilivunjika katika wimbo wa tatu. Mpera ulinishangaza, ingawa nisingeshangaa kama ningekumbuka kwamba utotoni panda za manati tulizikata huko huko: ulipokea mshtuko vizuri karibu kama hikori, ila mti ulikuwa mbichi, na baada ya wiki mbili jozi nzima ilikuwa imepinda kama upinde. Ukitaka kujaribu, tafuta tawi nene lililonyooka, lipasue kwa shoka ili mpasuko ufuate nyuzi badala ya kukatwa na msumeno, kisha liache likauke kivulini kwa miezi kadhaa kabla halijafika kwa mkereza.

Mpingo ndio nilioutarajia zaidi na ndio ulioniangusha vibaya zaidi. Ni mti unaozama majini, na stiki moja ya unene wa 5A ilipita gramu 80. Haikuvunjika, la hasha. Ilichotoboa ni ngozi ya sinea, na mkono wangu ukafa ganzi kabla ya sadaka ya kwanza. Jozi hiyo bado iko nyumbani, haina hata mkwaruzo, na mama watoto anapondea vitunguu saumu.